Nyundo Nyuma ya Shuka

Waliniuliza: unaogopa nini, Bwana Belarmino?
Nikasema kisu sikiogopi. Naogopa kulala
nikaamka nimekuwa mtu mwingine.
Basi wakanidunga mgongoni sindano ya baridi,
na kuanzia kiunoni kwenda chini
nikawa mgeni wa mwili wangu.

Wakatundika shuka la kijani mbele ya kifua.
Huku nilikuwa mimi, na dari, na muuguzi Iolanda
akinishika bega, akinisimulia visa vya paka wake.
Kule kulikuwa na mguu.

Nikasikia msumeno.
Kisha nyundo.

Miaka arobaini na mmoja nimetandika mawe ya Coimbra,
meupe ya chokaa, meusi ya volkano,
moja moja kiganjani, nikiligonga kila jiwe pembe
mpaka likubaliane na jirani yake.
Naijua nyundo inayobembeleza na nyundo inayobishana.
Hii ilikuwa ya fundi: ko, ko, kimya, ko.
Nikataka kusema, Daktari, moja zaidi, bado halijakaa.
Akapiga moja zaidi.

Sijawahi kuwa mtu wa ibada.
Deolinda huenda kanisani kwa niaba yetu sote wawili.
Lakini nani katika mji huu amepiga magoti kunishinda?
Nimeyapiga mbele ya benki, mbele ya duka la viatu,
mbele ya chuo kilichomkataa mwanangu,
juani, kwenye manyunyu ya Februari,
juu ya gunia lililokunjwa mara nne.
Kama kupiga magoti ni kusali, basi mji mzima
unazikanyaga sala zangu kwa visigino,
na hakuna anayetazama chini
ila siku anapoteleza.

Usiku wa kwanza ganzi iliondoka bila kuaga.
Mguu ulirudi, na haukurudi peke yake.
Kitanda cha pili, Hermínio, golikipa wa zamani wa daraja la tatu,
alihesabu matone ya dripu kwa sauti,
akipoteza hesabu makusudi
ili apate kuanza upya.

Pini ishirini na saba. Goti limevimba kama boga.
Nyumbani Deolinda analikanda kwa mfuko wa njegere za friza,
njegere zilezile, wiki ya tatu sasa,
zimeganda na kuyeyuka hata hazina umbo.
Jana ameniletea supu ya njegere.
Sikuuliza.

Wa mazoezi anaitwa Zulmira, mwembamba, mikono ya mwashi.
Hulikunja goti langu bila haraka yoyote,
hulipima kwa kipimo cha plastiki, hutaja digrii
kama mwenye duka anayesoma deni:
sitini na mbili. Sabini. Sabini.
Siku nne sabini, mpaka nikalitukana goti na mama yake,
ndipo sabini na nne.
Kwenye ngazi akanifundisha:
kupanda, mguu mzima utangulie;
kushuka, utangulie mgonjwa.
Nikamwambia, hata makaburini ndivyo ilivyo,
mgonjwa hutangulia chini.
Hakucheka. Ana miaka ishirini na minne.

Swali moja nililificha wiki tano.
Daktari akaitazama picha, chuma cheupe
ndani ya kivuli changu.
“Kupiga magoti? Unaweza,” akasema.
“Ila hutapenda.”

Leo nimefika kona ya duka la viatu.
Mpira wa mkongojo umenasa kwenye jiwe jeusi
lililoinuka nusu kidole.
Nalijua. Ijumaa ya mwaka themanini na saba,
mvua inakuja, Deolinda ameshikwa na uchungu,
nami navua glavu nikikimbia:
hili nitalirudia Jumatatu.

Watu wananizunguka kama maji,
kila mmoja akidhani napumzika.
Nimeligonga kwa ncha ya mkongojo. Ko.
Kimya.
Ko.
Bado halijakaa.